Vidonda vya mgandamizo ICU: jinsi ya kumkinga mzee na jinsi ya kumkinga kijana

Kila wauguzi wapya wanapopangiwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, maswali hurudi yale yale. Nimgeuze mgonjwa kila baada ya saa ngapi? Nitamgeuzaje mtu mwenye mirija kila mahali? Ngozi nyeusi nitaijuaje kwamba imeanza kuharibika? Halafu linakuja swali ambalo huulizwa baada ya wiki chache za kazi: mbona yule bibi wa miaka 80 ametoka na ngozi nzima, na kijana wa miaka 24 aliyeanguka na bodaboda, mwili umejaa misuli, ametoka na kidonda juu ya makalio kinachoingia kidole?

Mwongozo huu ni wako wewe muuguzi uliyeanza ICU hivi karibuni, na wewe daktari wa mafunzo unayepita kitanda hadi kitanda. Ndugu wa mgonjwa pia atapata la kufanya saa ya kuona wagonjwa.

Nadharia nitaigusa tu. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama isiyopata damu hufa. Mara nyingi inayotangulia kufa ni ile iliyo ndani, karibu na mfupa, wakati ngozi ya juu bado ni nzima. Ndiyo maana doa la zambarau unaloliona leo huenda lilianza saa 48 hadi 72 zilizopita, akiwa kwenye machela ya mapokezi au meza ya upasuaji. Mgonjwa akiteleza kitandani, mfupa unashuka na ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka, mishipa midogo inavutwa hadi inaziba. Ngozi iliyolowa huchubuka upesi zaidi. Basi, nadharia yenyewe ni hiyo.

Usidhani ni tatizo la hospitali zetu tu. Mei 2018 ulifanyika utafiti wa siku moja katika vyumba 1,117 vya wagonjwa mahututi kwenye nchi 90, wagonjwa 13,254. Asilimia 26.6 walikuwa na kidonda cha mgandamizo siku hiyo, na asilimia 16.2 walikipatia humo humo ICU. Sehemu zilizoongoza ni penye kifandugu, yaani mfupa wa chini kabisa mgongoni, juu ya makalio, na kwenye visigino. Umri mkubwa ulihusiana na vidonda, wembamba uliopitiliza pia, na upasuaji wa dharura, na kukaa ICU zaidi ya siku 3, na kuwa katika nchi yenye kipato kidogo.

Mzee na kijana: tofauti iko wapi

Wote wawili wanageuzwa, hilo halina mjadala. Umri unakusaidia kujua uanze kuangalia wapi, na nini kinaweza kukupita.

Mzee adui yake wa kwanza ni ngozi yenyewe. Imekuwa nyembamba, mafuta ya chini yake yamepungua, tabaka la juu na la chini hazishikani kama zamani. Ukibandua plasta kwa haraka, ngozi inakuja nayo. Mara nyingi ana kisukari au mishipa ya miguu imeziba, kwa hiyo kisigino chake hakivumilii hata mgandamizo wa muda mfupi. Haja ndogo inamtoka. Na kama ameshachanganyikiwa kwa ugonjwa, hawezi kukuambia kwamba anaumia.

Kijana ngozi yake ni imara, ila sababu iliyomleta ICU ndiyo inayomponza. Amevunjika uti wa mgongo, hasikii kitu kuanzia kifuani kwenda chini. Ameumia kichwa, amelazwa kwa dawa ya usingizi, ana kola ngumu shingoni na hakuna aliyeifungua kwa siku kadhaa. Amefungwa vyuma kwenye nyonga na kila mtu anaogopa kumgusa. Au ana fujo anapoanza kuzinduka, na kutwa anasugua visigino kwenye shuka. Zaidi ya yote, sisi wenyewe tunamtazama na kusema moyoni kwamba huyu ana nguvu, hatapata kidonda. Wiki mbili tatu baadaye misuli yote imeyeyuka, mifupa imechomoza, nasi bado tunamwona kama alivyoingia.

Mtoto mdogo ni suala la peke yake: kichwa chake ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo anza na kisogo.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Mito 4 au 5 kwa kila mgonjwa. Ikikosekana, blanketi zilizokunjwa na kuviringishwa vizuri.
- Shuka la kugeuzia, lililokunjwa mara mbili, linaloanzia mabegani hadi katikati ya mapaja.
- Godoro la sponji zito lisilobonyea hadi kwenye chuma, au godoro la hewa kama lipo.
- Tochi yenye mwanga mweupe.
- Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa laini, na krimu ya zinki au vaselini.
- Bandeji za sponji zenye silikoni kwa ajili ya kifandugu na visigino, kama hospitali inazo.
- Chati ya kugeuza iliyobandikwa kitandani, ambapo kila mtu anaiona bila kufungua faili.
- Watu. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anahitaji watatu. Mwenye uti wa mgongo usio salama anahitaji wanne au zaidi.

Hatua ya 1: Kagua mwili mzima anapopokelewa

Usisubiri zamu ijayo. Mvue kila kitu, kwa staha na pazia likiwa limefungwa, kisha anza kisogoni ushuke: masikio, mabega, viwiko, uti wa mgongo, kifandugu, makalio, nyonga za pembeni, magoti kwa ndani, vifundo vya miguu, visigino. Kwa mgonjwa mnene inua mikunjo ya tumbo na ya matiti.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu unaofundishwa vitabuni huenda usiuone kabisa. Fanya hivi: lainisha sehemu kwa kitambaa chenye unyevu, washa tochi, linganisha na ngozi ya jirani yake au ya upande wa pili wa mwili. Tafuta rangi iliyokoza kuliko jirani, yenye kuelekea zambarau au bluu, au inayong'aa kuliko kawaida. Kisha weka mgongo wa mkono: pana joto kuliko pembeni? Pana ubaridi? Bonyeza kwa kidole: pamekuwa pagumu, au pananepa kama embe lililoiva kupita kiasi? Kama mgonjwa anaweza kujibu, muulize panauma. Mkono wako utagundua kabla ya jicho.

Sasa yale ambayo watu huyasahau. Binti mwenye misuko: kidonda cha kisogoni hujificha chini ya nywele, na fundo la msuko lenyewe linabonyeza. Zungumza na ndugu zake, ifumuliwe, au angalau mafundo ya nyuma yaondolewe. Mama wa pwani anaweza kuwa na shanga kiunoni. Amelalia, na kila ushanga unaacha alama yake. Usizikate kimyakimya. Mwite dada yake au binti yake, mweleze, zivuliwe kwa heshima na wakabidhiwe. Hirizi ni vivyo hivyo. Halafu pitisha mkono chini ya mgongo wote: vifuniko vya sindano, waya za moyo, klipu za mpira wa mkojo, vyote hivyo hupotelea kitandani na kukandamiza usiku kucha.

Andika ulichokuta, na mahali, na ukubwa kwa sentimita. Kidonda alichokuja nacho kikiandikwa siku ya kwanza, hakuna atakayebishana baadaye kimetoka wapi.

Hatua ya 2: Pima hatari

Kipimo kinachotumika sana ni cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987 na Barbara Braden na Nancy Bergstrom. Kina vipengele sita: hisia, unyevu, shughuli, uwezo wa kujigeuza, lishe, na msuguano. Jumla ni 6 hadi 23, na namba ndogo ndiyo mbaya. Kuanzia 18 kushuka yuko hatarini. 9 kushuka yuko pabaya sana.

Lakini ICU karibu kila mgonjwa anaangukia chini ya 18, kwa hiyo jumla peke yake haikusaidii kupanga kazi. Angalia ni kipengele kipi kimemshusha. Mzee aliyeshushwa na unyevu na lishe anahitaji mambo tofauti na kijana aliyeshushwa na hisia na kutojigeuza, hata wakipata 10 wote wawili. Tena kipimo cha Braden hakihesabu umri hata kidogo. Cha Waterlow kinahesabu: mwenye miaka 14 hadi 49 anapata alama 1, mwenye 81 na kuendelea anapata 5, na humo namba kubwa ndiyo mbaya.

Ongeza kichwani mwako mambo ambayo Braden haiulizi: dawa za kupandisha presha kama noradrenalini, presha iliyokaa chini muda mrefu, oksijeni ndogo kwenye damu, kisukari. Pima upya kila siku, na hali ikibadilika ghafla pima hapo hapo.

Hatua ya 3: Tengeneza kitanda

Shuka moja lililonyooshwa, basi. Watu huweka mpira wa kitandani, juu yake shuka, juu yake kitenge, juu yake pedi mbili, wakidhani wanamsaidia. Kila tabaka linaongeza joto na jasho, na godoro zuri lililo chini linapoteza kazi yake.

Godoro la hewa lipime kwa mkono: pitisha kiganja chini yake, mahali makalio yalipo. Ukihisi mfupa wa mgonjwa umekaa juu ya kiganja chako, halina hewa ya kutosha. Na kuwa na godoro la hewa hakukuondolei kazi ya kugeuza.

Onyo. Usitumie duara la sponji wala glovu zilizojazwa maji chini ya kisigino au makalio. Najua bado zinatumika katika wodi nyingi, na anayefanya hivyo anafanya kwa huruma. Duara linabana ngozi kuzunguka tundu na kuzuia damu, na glovu ya maji haiondoi uzito, inauhamisha sentimita chache tu.

Hatua ya 4: Panga ratiba ya kugeuza

Kwenye godoro la kawaida, anza na kila saa 2. Miongozo ya sasa inataka ratiba imfuate mgonjwa, lakini hilo ni la yule ambaye ngozi yake umeshaisoma kwa siku kadhaa na ana godoro zuri. Mgonjwa mpya, saa 2.

Mfano: saa 2 asubuhi ubavu wa kulia, saa 4 chali, saa 6 mchana ubavu wa kushoto, saa 8 ubavu wa kulia tena, na kuendelea usiku kucha. Ukimgeuza na kukuta doa la saa 2 zilizopita halijafifia, usimrudishie upande huo, na fupisha muda.

Mzee mwembamba mara nyingi havumilii hata saa 2 kwa ubavu. Kijana asiye na hisia hatalalamika hata ukimwacha saa 6, na hapo ndipo ratiba huvunjika: kitanda kinachopiga kelele kinahudumiwa, cha kijana aliyetulia kinarukwa.

Hatua ya 5: Mgeuze

Hii ndiyo kazi yenyewe, ifanye polepole.

1. Tazama kwanza monita: presha, mapigo, oksijeni. Kama vimeyumba, mwite daktari kabla hujamgusa.
2. Mnyonye makohozi ikihitajika, na mwongezee oksijeni kwa muda mfupi kadiri ya utaratibu wa kitengo chenu. Simamisha chakula cha mrija kama kichwa kitashushwa.
3. Soma namba ya mrija wa hewa penye meno, uitamke kwa sauti. Legeza mirija na nyaya zote ziwe na nafasi ya kufuata mwili.
4. Aliyeko kichwani anashika kichwa na mrija, na yeye ndiye anayetoa amri. Wengine wawili wanashika shuka la kugeuzia, mmoja kila upande. Kwa amri yake, mnamwinua kidogo na kumsogeza. Mnamwinua, hamumburuti.
5. Mwegemeze ubavu kwa digrii 30, si ubavu mzima. Ubavu wa digrii 90 unamweka juu ya mfupa wa nyonga ya pembeni, na hapo nyama ni kidogo. Mto mmoja nyuma ya mgongo, kutoka bega hadi kiunoni. Mwingine kati ya magoti.
6. Pitisha kiganja chini ya kifandugu. Kikipita bila kubanwa, umefanya sawasawa. Kikibanwa, rekebisha mto.
7. Vuta sikio lililo chini lisikunjike, na mkono wa chini usibaki chini ya mwili.
8. Soma tena namba ya mrija, sikiliza mapafu pande zote mbili, hakikisha mpira wa mkojo haujalaliwa na paja.
9. Kabla ya kumfunika, kagua mgongo uliokuwa chini. Ni nafasi uliyoipata, usiipoteze.

Mwenye uti wa mgongo usiothibitishwa kuwa salama anageuzwa kama gogo: mmoja kichwani akishika shingo, watatu wakiviringisha mwili kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda sawia. Ubao mgumu aliokuja nao uondolewe mapema iwezekanavyo. Aliyevunjika nyonga, muulize daktari wa mifupa akuandikie anaweza kugeuzwa hadi wapi. Usikubali jibu la "msimguse" lisilo na maandishi wala muda. Aliyeumia kichwa, kichwa kibaki katikati, shingo isipinde.

Kuna mvutano mmoja utakaokutana nao kila siku. Aliye kwenye mashine anatakiwa kichwa kiwe juu digrii 30 au zaidi, ili vitu vya tumboni visipande na kuingia mapafuni. Lakini kadiri unavyoinua kichwa ndivyo anavyoteleza na kukalia kifandugu. Suluhisho: inua kwanza sehemu ya magoti ya kitanda, ndipo uinue kichwa. Ukimaliza, mtenganishe mgongo na godoro kwa sekunde chache kisha umrudishe, ngozi iliyovutika iachie. Na usizidishe digrii bila sababu.

Anayelazwa kifudifudi kwa ajili ya mapafu, tuliona wengi wakati wa korona, hatari yake inahamia mbele: paji la uso, mashavu, kidevu, kifua, matiti, sehemu za siri za mwanamume, magoti, vidole vya miguu. Geuza kichwa chake kila saa 2 hadi 4, na weka mito laini kabla ya kumlaza, maana baada ya hapo ni shida.

Hatua ya 6: Nyanyua visigino

Mto unakaa chini ya shavu lote la mguu, kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo, kisigino kikining'inia hewani. Goti liwe limekunjwa kidogo. Makosa ni mawili: mto mfupi unaobana nyuma ya goti peke yake, na mto unaokaa chini ya kisigino chenyewe. Pitisha karatasi kati ya kisigino na godoro. Ikipita bila kugusa, sawa.

Kwa mzee mwenye kisukari fanya hivi tangu saa ya kwanza, usingoje dalili. Kwa kijana mwenye fujo mto hautadumu. Weka bandeji ya sponji kisigino chote au soksi nene ya pamba, kisha mtafute daktari mjadili maumivu na dawa za kumtuliza.

Hatua ya 7: Angalia chini ya kila kifaa

Vidonda vya vifaa huwapata wote, na vijana wa ajali ndio mara nyingi wana vifaa vingi mwilini. Kagua ngozi chini ya kila kifaa angalau mara 2 kwa siku, zaidi kama mwili umevimba.

Mrija wa hewa uhamishe kutoka pembe moja ya mdomo kwenda nyingine kila siku, mkiwa wawili. Mrija wa chakula ubandikwe uning'inie katikati ya tundu la pua. Ukivutwa juu kuelekea paji, unakata ukingo wa pua, na utaona mstari mweupe kwanza, kisha mweusi. Kifaa cha kupima oksijeni hamisha kidole kila saa 2 hadi 4. Barakoa ya oksijeni hubana daraja la pua, weka kipande chembamba cha bandeji ya silikoni. Kola ya shingo ifunguliwe kila zamu, mmoja akishika kichwa bila kukiachia, uangalie kidevu, taya, mabega na kisogo. Na kila siku uliza: shingo imeshathibitishwa salama? Kola inayotoka leo haiwezi kukata ngozi kesho.

Hatua ya 8: Zuia unyevu

Safisha kila anapojisaidia, kwa kupangusa taratibu bila kusugua, kausha, paka krimu ya zinki nyembamba. Nepi iliyofungwa kwa kubana inamhifadhia joto na mkojo. Ni bora pedi iliyotandikwa wazi.

Usichue pale ngozi ilipobadilika rangi au palipo na mfupa. Ndugu wengi hufika na mafuta ya nazi wakitaka kuchua mgongo, na nia yao ni njema kabisa. Waombe wapake miguu na mikono taratibu, au washike mkono wa mgonjwa wazungumze naye. Wewe ndugu unayesoma hapa, jambo kubwa unaloweza kufanya ni kumuuliza muuguzi, "Amegeuzwa saa ngapi mara ya mwisho?" Uliza kwa upole. Swali hilo halikosei adabu.

Hatua ya 9: Chakula

Ngozi haijijengi bila protini. Kwa mtu mzima aliye hatarini na mwenye utapiamlo, lengo linalopendekezwa ni gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 75 hadi 90. Yai moja lina takriban gramu 6, kwa hiyo uji mwepesi wa mahindi unaopitishwa kwenye mrija hauwezi kufika huko hata kidogo. Kaa na mtaalamu wa lishe mapema. Mwenye figo zilizofeli, au aliye katika siku za mwanzo za ugonjwa mkali, kiwango chake apange daktari.

Hatua ya 10: Andika, kisha kabidhi kitandani

Kwenye chati andika saa, upande, na hali ya ngozi. Makabidhiano ya zamu msiyafanyie mezani. Mwende wawili kitandani, mmgeuze pamoja, mwone mgongo kwa macho manne. Zamu inayoingia isipouona mgongo, imepokea maneno tu.

Ukikuta kidonda tayari

Daraja la 1, ngozi ni nzima lakini rangi haifutiki ukibonyeza, au ina joto na ugumu. Daraja la 2, ngozi ya juu imetoka au kuna lengelenge. La 3, mafuta yanaonekana. La 4, msuli, kano au mfupa. Kikifunikwa na uchafu wa njano au gamba jeusi hadi chini hakuonekani, hakina daraja bado. Doa la zambarau kwenye ngozi nzima ni jeraha la ndani; lifuatilie kwa makini, linaweza kufunguka ghafla. Kidonda cha ndani ya mdomo au pua hakipewi daraja.

Ondoa mgandamizo kwanza. Bila hilo hakuna dawa itakayofanya kazi. Osha kwa salaini (maji safi ya chumvi ya hospitali), funika kwa bandeji inayohifadhi unyevu kiasi, na mtafute daktari kuanzia daraja la 3. Usimwagie spiriti wala haidrojeni peroksaidi, zinaua nyama mpya inayojijenga. Gamba jeusi la kisigino lililo kavu, limeshikamana vizuri na pembeni hakuna wekundu wala ulaini, liache lilivyo.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Oksijeni inashuka kila nikimgeuza.* Mpe dakika 5 hadi 10 atulie, wengi hurudi. Asiporudi, mrudishe, mwite daktari. Safari inayofuata mgeuze kwa awamu, digrii chache chache, na ubavu ambao mapafu yake yanauvumilia zaidi.

*Presha haishikiki, daktari amekataza kugeuza.* Fanya miondoko midogo kila nusu saa: inua bega moja uweke taulo iliyokunjwa, baadaye nyonga, sogeza kichwa, badilisha mto wa miguu. Haitoshi kama kugeuza, ila inasaidia. Kila zamu jaribu tena kugeuza kidogo, usikubali katazo la jana liwe la wiki nzima.

*Usiku tuko wawili kwa vitanda sita.* Pangeni mzunguko mmoja, muanze na wasio na hisia na wenye dawa za kupandisha presha. Yule anayeweza kujisogeza mfundisheni ajisogeze mwenyewe, mumkumbushe.

*Sijui kama ni kidonda cha mgandamizo au ngozi imeungua kwa mkojo.* Kilicho juu ya mfupa, chenye kingo zinazoonekana wazi, ni cha mgandamizo. Kilichotapakaa kwenye mikunjo na mapaja, kisicho na kingo, cha juujuu, ni cha unyevu. Vinaweza kuwapo pamoja, na hapo tibu vyote viwili.

*Bandeji ya kifandugu imebandikwa, nitaonaje ngozi?* Ile ya silikoni hufunuliwa upande mmoja, unaangalia, unairudisha. Kila zamu. Ikilowa, badilisha.

*Ngozi ya mzee inachanika nikitoa plasta.* Ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, ibandue taratibu ukiwa umeilaza sambamba na ngozi, kidole kingine kikishikilia ngozi nyuma yake. Mahali panapowezekana, funga kwa bandeji ya kuzungusha badala ya plasta.

*Kidonda kimeanza kunuka, pembeni pamevimba na pana joto.* Mwite daktari siku hiyo hiyo. Kwa mzee homa inaweza isipande. Kuchanganyikiwa zaidi au presha kushuka inaweza kuwa ndiyo dalili pekee.

*Ndugu wanauliza kwa nini amepata kidonda.* Waambie ukweli: kilionekana lini, kiko wapi, kina ukubwa gani, mnafanya nini sasa. Waonyeshe chati. Kuficha kunaharibu zaidi, maana watakiona siku ya kumwogesha nyumbani.

*Anahamia wodini.* Nenda naye mpaka kitandani, mgeuze mbele ya muuguzi anayempokea, mkabidhi chati ya kugeuza na mito yake. Kama ni kijana aliyeumia uti wa mgongo na ataanza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, mjulishe mtu wa fiziotherapia amfundishe kujiinua au kuegemea pembeni kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mama yake au mke wake awepo wakati wa kufundishwa.